Kitabu cha Waliochelewa

Palikuwa na nchi, na nchi ina wenyewe, na wenyewe wana masikio marefu. Kwa hiyo jina lake tuliache lilipo. Ukiulizwa ilikuwa wapi, sema mbali, ng'ambo ya mito saba, kisha jifunike ulale.

Katika nchi hiyo vijana wote walikuwa na furaha. Ilikuwa amri. Ilibandikwa kwenye mlango wa kila shule kwa herufi nyekundu, na chini yake pamechorwa jua linalocheka meno nje. Mtoto akionekana na huzuni siku ya kazi, mzazi wake aliitwa kujieleza. Siku za mapumziko walivumilia kidogo.

Aliyeisimamia furaha hiyo ni Mheshimiwa Kigungo, Waziri wa Vijana, na yeye mwenyewe alikuwa kijana. Alikuwa na miaka sitini na minne, vitukuu wawili na meno ya kununua, lakini kijana. Maana kila alipokaribia kuuacha ujana alipeleka mswada barazani, na baraza likausogeza ujana mbele. Zamani ulikuwa ukiishia miaka thelathini na mitano. Mwaka wa hadithi hii ulikuwa umefika sitini na mitano, na mawaziri wenzake, ambao nao walikalia viti kwa jina la vijana, walipiga makofi mpaka wengine viuno vikawakamata.

Sasa Mtukufu Mkuu wa nchi akasafiri. Huko alikokwenda akakuta wenzake wanazungumza habari za akili za vijana: kwamba kijana naye huugua moyo, kwamba akiwahiwa hupona, na kwamba matunzo hayo yafaa yapelekwe mpaka vijijini. Wakamgeukia. "Kwenu mna vituo vingapi?" Kwao kilikuwepo chumba kimoja. Mtukufu akajibu, "Arobaini." Aliporudi akamwita Kigungo, akamwambia, "Nimeshasema arobaini. Viwepo."

Vikawepo. Vilipatikana vibao arobaini, meza arobaini, maafisa arobaini na tepe arobaini za kukatwa. Mtu mmoja mshamba akauliza, "Na wa kuwatunza hao vijana?" Akaambiwa, "Si yupo Sista?"

Sista huyo ni Sista Leokadia, muuguzi wa kile chumba kimoja, nyuma ya zahanati ya mji wa Bondeni. Chumbani mwake mlikuwa na viti viwili tu. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kimoja, kijana akae kwenye cha pili, amsikilize. Waliingia wameinamisha vichwa, na baada ya wiki kadhaa wakatoka vimeinuka. Ilikuwa kazi isiyo na sherehe, ndiyo maana wizarani haikujulikana. Basi kazi ilipopanuliwa, Sista naye akapanuliwa: akapandishwa cheo kuwa Mratibu Mkuu wa Viti, maana vituo arobaini vina sherehe arobaini za ufunguzi, na wageni hawawezi kukaa chini. Akapewa filimbi na orodha. Chumba chake kikatiwa kufuli.

* * *

Hapo Bondeni alikuwepo msuka mikeka mmoja, Bi Sikujua. Alikuwa amesoma mpaka darasa la tatu, ndipo akaachishwa shule akawalee wadogo zake. Herufi zake zilitembea kama kobe, lakini zilifika. Alikuwa na subira ya kuogopwa. Mkeka wa miezi sita aliusuka miezi sita, wala huwezi kumharakisha.

Mjukuu wake, Semeni, alikuwa na miaka kumi na mitano, na alikuwa mtoto wa maneno. Alibishana na mwalimu, alibishana na redio, alibishana na jogoo. Kisha mwaka huo akaanza kuzimika. Kwanza aliacha kusuka nywele. Kisha ugali, akawa anaumega tonge, analitazama, analirudisha. Mwisho akageukia ukuta, akawa anaukwangua kwa kucha kutwa nzima.

"Nani kakuudhi, mama?" Bi Sikujua alimwuliza.

"Hakuna, bibi."

"Unaumwa wapi?"

"Sijui. Nachoka kuamka, bibi. Basi."

Neno hilo Bi Sikujua alikuwa amelisikia mwaka uliopita, nyumba ya pili, kwa Mwajabu, binti wa jirani. Mama yake Mwajabu alimpeleka kituoni mara tatu, na mara tatu akaandikwa kitabuni, akarudishwa. Asubuhi moja Mwajabu akatoka na ndoo kwenda kisimani. Ndoo ilirudi, Mwajabu hakurudi. Mpaka leo mama yake anapakua sahani mbili.

Bi Sikujua akachukua kanga mbili, moja yake moja ya mjukuu, wakaenda.

* * *

Mlangoni mwa kituo, kilichokuwa ubavuni mwa zahanati ya Bondeni, alikaa Afisa Ngwali, kijana mwembamba mwenye kalamu mbili mfukoni. Hakuwa mtu mbaya. Alizipenda kanuni tu, kama wenzake wapendavyo mpira.

"Huyu mtoto ana nini?"

"Ndicho tulichokuja kuuliza, baba."

"Anakula? Analala? Analia?"

"Hali, halali. Na kulia nako kumemshinda."

Ngwali akaguna kwa huruma, akafungua kitabu kikubwa. "Pole, bibi. Amechelewa."

"Kachelewaje? Na sisi ndio wa kwanza hapa mlangoni!"

"Huduma hii ni ya mapema, bibi. Kanuni ya Tisa: aliyekwisha onyesha dalili, amechelewa. Ungemleta alipokuwa mzima."

"Alipokuwa mzima ningemleta kufanya nini?"

"Kuhudumiwa." Ngwali akanyoosha kalamu ndani. Humo watoto wa wakubwa, wazima kama nyanya za sokoni, walikuwa wanakandwa miguu na kunywa soda. "Unawaona? Wale wamewahi."

Bi Sikujua akawatazama. "Na huyu wangu sasa?"

"Anaingia Kitabu cha Waliochelewa. Kumtoa kitabuni kuna Fomu ya Mlezi. Mlezi aliyemzidi umri, aliyeziona dalili kwa macho yake, aandike kwa mkono wake kwamba dalili zimekwisha, na jina lake kamili, ukoo mzima. Akishatolewa, atahudumiwa."

"Yaani apone, ndipo atibiwe."

"Umeelewa haraka, bibi. Wengine huchukua wiki."

Bi Sikujua akamkamata mkono asiandike. Ngwali akamwonyesha ukutani: *Afisa haingiliwi akiandika.* Kanuni hiyo Mheshimiwa Kigungo aliitunga mwenyewe, baada ya akina mama kuzidi kuwakamata maafisa mikono. Chini yake palikuwa na nyingine: *Aliyemo kitabuni haaminiwi kuweka sahihi jambo lolote.* Hiyo aliitunga siku vijana waliochelewa walipomwandikia barua ya malalamiko.

Basi jina la Semeni likaandikwa. Wakapewa picha ya jua linalocheka, ibandikwe juu ya kitanda, mgonjwa alichekee mara tatu kwa siku baada ya chakula.

Njiani Semeni alisimama.

"Nimechelewa wapi, bibi?"

Swali lile Bi Sikujua alilifunga kwenye pindo la kanga, kama mtu afungavyo kitu anachojua atakihitaji.

* * *

Alirudi kituoni kila wiki. Alikaa kibarazani na ukili wake, anasuka, anaomba fomu, anaandika. Alikubali kuandika uongo kwamba dalili zimekwisha, maana mtoto ni mtoto. Lakini mkono wa darasa la tatu hauna haraka, na jina la ukoo mzima ni refu. Mara ya kwanza alikosea herufi, akaifuta.

"Fomu haitakiwi kufutwafutwa," Ngwali alisema. "Anza upya."

Mara ya pili jasho lilidondokea wino. "Anza upya, bibi." Mara ya tatu alifika mwisho salama, Ngwali akaigeuza nyuma na mbele, akagundua herufi moja imeinama kupita mstari. "Ningekuwa mimi ningekupitisha. Lakini si mimi, ni utaratibu."

Miezi mitano ikapita. Mkeka ukarefuka, Semeni akapungua. Siku moja Sista Leokadia alipita na viti vinne kichwani, akanong'ona.

"Bibi, usimwache peke yake. Msemeshe hata asipojibu. Huyu hajafika mbali. Nikipata chumba changu na viti viwili, anarudi."

"Viti si unavyo mia tatu?"

"Vyote vya sherehe, bibi."

Akaitwa kupanga viti, akaondoka mbio.

Sherehe yenyewe ilikuwa ya kituo hicho hicho. Kilikuwa kinafanya kazi mwaka wa pili, lakini kilikuwa hakijafunguliwa. Mheshimiwa Kigungo angekuja mwenyewe kukata utepe. Bi Sikujua aliposikia akauliza jambo moja tu.

"Huyo waziri kwao wapi?"

"Mwinuko," wakamwambia.

Bi Sikujua akatabasamu, mara ya kwanza tangu mvua za kwanza.

Maana watu wa Bondeni na watu wa Mwinuko, babu zao walipigana mpaka wakachoka, wakapatana kwa utani. Mtani akikuvua kofia hadharani, unacheka. Akishuka kaburini mwa baba yako akalala, akasema hapa ni pake, mzikeni kwingine, unambembeleza. Akikutukana, nawe mtukane. Lililo haramu ni kukasirika. Aliyemkasirikia mtani, ukoo wake mzima unainamisha uso. Mheshimiwa Kigungo alijua hayo, tena alijigamba nayo kila mkutano: "Mimi ni kijana wa mila!"

Usiku huo Bi Sikujua hakusuka. Mkeka ulikuwa umekwisha.

* * *

Siku ikafika, na tarumbeta, na maputo, na viti mia tatu. Mheshimiwa Kigungo akasimama, kofia ya manyoya kichwani.

"Vijana wenzangu! Serikali yenu haikulala! Na ilipolala, ililala na viatu! Tulikuwa na chumba kimoja chenye foleni. Leo tuna vituo arobaini visivyo na foleni hata kimoja! (Makofi.) Waliowahi wamehudumiwa wote! Waliochelewa ni elfu tisa tu, na uchunguzi umeonyesha kwamba walichelewa kwa hiari yao!"

Makofi tena. Akapewa mkasi. Akaukaribia utepe.

Hapo Bi Sikujua akajitokeza na mkeka kichwani. Akautandika chini ya utepe, akalala chali, akakunja mikono kifuani kama maiti, akapiga ukelele.

"Uwiii! Watani zangu wa Mwinuko, mmetuletea maiti! Jengo zuri namna hii limekufa hata halijaanza kupumua! Limeoshwa, limepakwa rangi, limefungwa utepe! Nani aliona maiti ana utepe? Halizikwi leo! Nipisheni nilale nalo!"

Watu wakaangua kicheko. Walinzi wakasogea, umati ukapaza sauti, "Mtani huyo! Haguswi!" Wakarudi nyuma.

Mheshimiwa akacheka, kama mila inavyotaka. "Ha! Watu wa Bondeni, wala vyura! Bado njaa haijawamaliza?"

"Itatumalizaje, mtani, na chakula chetu tunakiona kimo salama mashavuni mwako?"

Mheshimiwa akacheka, kidogo kuliko mwanzo. Bi Sikujua akainuka, akamvua kofia, akaivaa. Akashika kiuno, akakohoa kikohozi kirefu. "Vijana... kho, kho... vijana wenzangu!" Mpiga tarumbeta akashindwa kuzuia, tarumbeta ikatoa sauti ya mbuzi. Mheshimiwa sasa alikuwa anaonyesha meno tu.

Ndipo Bi Sikujua akamshika mkono, taratibu, kwa heshima zote.

"Haya, njoo ukae, babu. Miguu itavimba."

Neno hilo lilikuwa halijamfikia masikioni kwa miaka mingi. Nyumbani kwake vitukuu walimwita kaka.

"Usiniite babu!"

"Jamani, mpeni babu kiti. Babu hasikii vizuri." Akamsogelea sikioni. "BABU!"

Watoto wakadakia. "Babu! Babu!" Akina mama wakadakia. Na mama yake Mwajabu, ambaye tangu ile ndoo irudi hakuwa akisema na mtu, akasimama mstari wa mbele, akamtazama waziri machoni, akasema polepole kama mtu anayeweka jiwe chini:

"Babu."

Mheshimiwa Kigungo akalipuka. Akautupa mkasi, ukampata mpiga ngoma kwenye ngoma. Akaung'ata utepe, akaukata kwa meno, na meno yakabaki kwenye utepe. Akakanyaga chini kwa miguu miwili, machozi yanamtoka. "Mimi ni kijana! Mimi ni kijana kuliko nyinyi nyote!"

Pakawa kimya. Mtani amekasirika. Watu wa Mwinuko waliokuja naye wakatazama viatu vyao. Na katika kimya kile ikasikika kalamu inakwaruza. Afisa Ngwali alikuwa ameketi mezani pake, anaandika.

"Unaandika nini, mpumbavu wewe?"

"Kanuni ya Tisa, mheshimiwa. Kupiga kelele, kulia pasipo msiba, kutupa vitu. Dalili tatu. Kwa kijana hata moja inatosha." Akainua uso. "Labda kama mheshimiwa si kijana."

Mawaziri wenzake, kwenye viti vya mbele, wakainama mbele kidogo kusikia jibu. Asiye kijana hana kiti barazani, na kiti chake kilikuwa kizuri, kina mito.

"Mimi ni kijana," Mheshimiwa akasema, kwa sauti ya chini na isiyo na meno.

"Pole," Ngwali akasema. "Umechelewa."

Walinzi wakataka kumnyang'anya kitabu; akawaonyesha ukutani, afisa haingiliwi akiandika. Mheshimiwa akadai karatasi amfukuze kazi. Ngwali akamwonyesha kanuni ya chini yake, aliyemo kitabuni haaminiwi kuweka sahihi. Kisha akampa picha ya jua.

"Mara tatu kwa siku, mheshimiwa. Baada ya chakula."

Redio ikatangaza siku ile ile: *Waziri aongoza kwa mfano, aandikwa kitabuni na vijana wenzake.* Mtukufu alifurahi mno. Kila aliposafiri aliwaambia wenzake kwamba kwao matunzo yamepanuliwa mpaka barazani.

* * *

Aruhusiwaye kukata tepe ni waziri peke yake, na waziri yumo kitabuni. Basi sherehe zikakoma. Sherehe zilipokoma, Sista Leokadia hakuwa na viti vya kupanga. Akavunja kufuli la chumba chake, akaingiza viti viwili, akaketi kwenye kimoja. Hakuna aliyemzuia, kwa sababu barua ya kumzuia ilihitaji sahihi ya waziri.

Semeni akawa anakwenda kila Alhamisi. Alhamisi ya kwanza alikaa saa nzima hakusema kitu, na Sista hakumharakisha. Ya pili alisema neno moja. Ya tano alitoka, akafika nyumbani, akauliza kama kuna ugali umebaki.

Mheshimiwa naye alikuwa hapo nje. Benchi lilikuwa la waliowahi, kwa hiyo alikaa chini, kwenye mkeka wa Bi Sikujua. Alihitaji Fomu ya Mlezi, na mlezi aliyemzidi umri, aliyeziona dalili. Akawaendea wenzake barazani. Nani angeandika kwa mkono wake kwamba amemzidi Kigungo umri, naye apoteze kiti? Akabaki mtu mmoja aliyemzidi umri, asiye na kiti cha kupoteza.

"Mtani," akamwambia Bi Sikujua, "niandikie, mama."

"Mimi tena, mheshimiwa? Mimi nina darasa la tatu. Herufi zangu zinatembea."

"Polepole tu, mama."

"Hilo nitaliweza." Bi Sikujua akaipokea fomu, akaipangusa. "Ila mkono wangu siku hizi hufunguka Alhamisi tu, na hutoa herufi moja. Tena mpaka mjukuu wangu atoke mle ndani uso umekunjuka. Akitoka umekunjamana, mkono nao unakunjamana. Ningekuwa mimi ningeandika yote leo. Lakini si mimi, mwanangu. Ni utaratibu."

Na jina lake kamili lilikuwa Sikujua binti Mwinjuma bin Kondo bin Shomari bin Mwinyigogo.

Basi yule aliyekuwa kijana miaka yote ile, asiulize hata siku moja habari ya kijana mwingine, akajifunza kuuliza. Kila Alhamisi alisimama mlangoni kwa Sista, shingo imemrefuka. "Mtoto kalala vizuri? Kala? Mmeongea?" Semeni akitoka ameinamisha kichwa, Mheshimiwa alilia kwa kwikwi, na Ngwali akaandika dalili mpya. Akitoka amekiinua, Bi Sikujua alichovya kalamu, akaandika herufi moja, akaipuliza mpaka ikauke, akakunja fomu, akaenda zake. Mvua zikaja zikampiga mkekani. Jua likaja, yote mawili, la juu na la pichani. Mama yake Mwajabu alikuwa akipita njia hiyo na ndoo yake, na kila alipopita alisimama kidogo, akamtazama, akaendelea. Mheshimiwa aliogopa Alhamisi zote, lakini zaidi aliiogopa ndoo ile.

Mwaka ukapita, na kitu, na baraza likausogeza ujana mbele tena. Fomu ikafika kwenye Mwinyigogo, herufi ya mwisho.

Alhamisi hiyo Semeni alitoka amesuka nywele, mistari mipya, na njugu za kukaanga mkononi. Bi Sikujua alikwisha chovya kalamu. Mheshimiwa alikuwa amepiga magoti mkekani, picha ya jua mapajani, hata kupumua hapumui. Semeni akapita, akasimama, akarudi nyuma hatua mbili. Akamtazama kuanzia kofia mpaka vidole, akitafuna njugu. Jicho lake moja likafinyika, kama zamani alipokuwa anabishana na jogoo.

"Mtani," akamwuliza, "ulichelewa wapi?"

Bi Sikujua akacheka. Alicheka kicheko kilichokuwa kimefungwa kwenye pindo la kanga mwaka na nusu. Mabega yakacheka, mkono ukacheka, kalamu ikaruka na kupiga mstari mnene wa wino kuanzia Mwinyigogo mpaka Sikujua.

Ngwali akaichukua fomu, akaigeuza nyuma na mbele, akatikisa kichwa.

"Haitakiwi kufutwafutwa."

"Jamani, mkono wangu!" Bi Sikujua akafuta machozi ya kicheko kwa kanga, akanyoosha kiganja apewe fomu nyingine, mpya, nyeupe. "Si neno. Tutaanza upya. Yeye bado kijana."